Siku tatu Lisbon pamoja na mama: jibu kwa mwalimu wa Mombasa

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia, Mombasa. Likizo ya Aprili nitakwenda Rotterdam na mke wangu na mama yangu, miaka 67, tukae kwa dada yangu siku kumi. Kabla ya kurudi nyumbani nataka tuione Lisbon: tufike Ijumaa jioni, tuondoke Jumanne asubuhi. Nimeandika orodha ya mahali kumi na saba, pamoja na Sintra na tramu namba 28. Mama magoti yanamsumbua, na sote tunakula halali. Je, orodha hii inatekelezeka? Na viza tuombe ya Ureno au ya Uholanzi?

Jibu:

Mwalimu, salamu zako zimefika, na mama mpe shikamoo yangu kabla hatujaanza kumpangia safari.

Orodha yako nimeisoma mara mbili na sikuona hata mahali pamoja pa kijinga. Kosa lake ni kwamba umeiandika ukiwa umekodolea ramani, na ramani haina milima. Kwenye karatasi, ngome ya Castelo de São Jorge na mitaa ya Baixa, katikati ya mji, zimekaribiana kama Kibokoni na Fort Jesus. Ukifika ndipo unagundua kwamba moja iko juu ya kichwa cha mwenzake, na kati yao ni ngazi na vichochoro. Barabara zenyewe zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo nyayo za watu zimeving'arisha hata vikawa kama sahani. Mvua ya Aprili ikivilowesha, hata kijana huenda kwa adabu.

Wageni wengi wenye wazee huniambia, "Tutapanda kwa gari, tushuke kwa miguu." Ushauri mzuri kwa mtu mwenye pumzi fupi. Kwa mwenye magoti mabovu ni kinyume chake, kwa sababu goti huuma zaidi kwenye kuteremka. Kwa hiyo mimi hupanga hivi: siku moja, upande mmoja wa mji, mlima upandwe mara moja tu kwa siku, na mteremko uwe wa barabara ya mshazari yenye mahali pa kukaa, wala si wa ngazi. Ukiipitisha orodha yako kwenye chujio hilo, mahali kumi na saba panabaki saba au nane. Msisikitike.

Tuanze na viza, maana hiyo ndiyo yenye tarehe. Ombeni ya Uholanzi. Utaratibu wa Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni kwamba ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku kumi za Rotterdam zinazishinda nne za Lisbon. Viza hiyo hiyo itawaingiza Ureno bila karatasi nyingine. Lakini Lisbon msiifiche: wekeni kwenye maombi tiketi ya ndege ya kwenda huko na malazi mliyoshika, kwa sababu safari isiyolingana na karatasi ndiyo inayozaa maswali. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini linaweza kuvutwa hadi 45. Kwa safari ya Aprili, Januari muwe mmeshapeleka. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, na pasipoti ziwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Dada yako atajaza fomu ya Kiholanzi ya kuwapa malazi au udhamini, na sahihi yake ihalalishwe na manispaa ya anakoishi. Aianze mapema. Wewe chukua barua ya shule inayosema uko likizo na kazi inakungoja.

Tiketi msinunue ya kwenda na kurudi Amsterdam. Ulizieni ya kuingilia Amsterdam na kutokea Lisbon, kisha nunueni kando safari ya kati, ambayo ni karibu saa tatu angani. Mtaokoa siku nzima ya kurudi nyuma bila sababu. Katika ndege hiyo ya kati hakuna ukaguzi wa uhamiaji, kwa kuwa ni ndani ya Schengen, lakini pasipoti ziwe mkononi, si kwenye begi kubwa. Saa mtarudisha nyuma kwa moja: Lisbon mwezi wa Aprili iko nyuma ya Mombasa kwa saa mbili.

Malazi. Hapa sikubaliani na kila kitabu cha watalii. Vyote vitakwambia kalale Alfama, penye vichochoro na nguo zilizoanikwa madirishani. Alfama ni pazuri kwa kupita. Kulala, na mama, ni kumpandisha ngazi usiku akiwa amechoka, na nyumba nyingi za kale hazina lifti. Tafuteni hoteli maeneo ya São Sebastião. Hapapendezi kwenye picha, lakini ardhi yake ni tambarare. Metro, yaani treni ya chini ya ardhi, ya laini nyekundu inatoka uwanja wa ndege hadi hapo bila kubadilisha. Laini ya bluu inawashusha moja kwa moja Baixa-Chiado katikati ya mji. Na Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, hauko mbali. Kabla ya kulipa, andikieni hoteli swali moja tu: lifti ipo, na inaanzia usawa wa barabara? Nimeona "hoteli yenye lifti" ambayo kuifikia hiyo lifti lazima kwanza upande ngazi kumi na mbili.

Kodi ya wageni ya jiji ni yuro 4 kwa mtu kwa usiku, nayo mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni. Watu watatu kwa siku nne ni yuro 48, ziwe kando.

Sasa siku zenyewe. Kwa kuwa mnafika Ijumaa na kuondoka Jumanne, mna Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Mtego uko Jumatatu: makumbusho na majengo mengi ya kihistoria hufungwa. Ndiyo maana siwezi kukuachia mpangilio wako, ambao umeiweka Belém, mtaa wa kihistoria wa kando ya mto, Jumatatu. Mngesafiri njia yote kuja kuitazama milango iliyofungwa.

Jumamosi iwe ya mlima. Saa tatu asubuhi agizeni gari, Bolt na Uber zote zipo, liwapeleke Campo de Santa Clara. Jumamosi na Jumanne kuna gulio la vitu vikuukuu liitwalo Feira da Ladra: vigae, sarafu, santuri, vyombo vya bibi za watu, na mitumba ya kila aina. Pembeni yake ni kanisa la Santa Engrácia lenye kuba jeupe, ambalo leo ni Pantheoni ya Taifa. Lilianza kujengwa 1682 likamalizika 1966, hata Wareno kazi yoyote isiyokwisha huiita "ujenzi wa Santa Engrácia". Ndani amezikwa Amália Rodrigues, malkia wa fado, muziki wa Kireno, na Eusébio, mchezaji wa mpira aliyezaliwa Msumbiji, mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Mke wako kama ni mtu wa kandanda, mwache asimame pale kidogo.

Kutoka hapo gari tena, dakika chache, hadi Portas do Sol. Hii ni baraza la mji: unaona mapaa mekundu ya Alfama yakiteremka mpaka mto Tejo. Mpe mama kiti na kahawa. Wewe na mkeo pandeni ngomeni, mwendo wa dakika kumi, kama mnaitaka. Wakristo waliichukua kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, ila mengi unayoyaona leo ni ukarabati wa karne ya 20; mandhari ndiyo mnayolipia. Jina Alfama lenyewe ni Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji ya moto, mzizi uleule wa hamamu, na wa Hamamni kule Unguja.

Kisha teremkeni polepole kwa barabara ya tramu, si kwa ngazi, mpite kibaraza cha Santa Luzia chenye vigae vya bluu hadi kanisa kuu, Sé. Karibu nalo kuna jengo ambalo halimo kwenye orodha yako na nakusihi uliingize: Aljube. Lilikuwa gereza la kisiasa la utawala wa Salazar, dikteta wa Ureno, hadi 1965, na tangu 2015 ni makumbusho ya upinzani dhidi ya udikteta, pamoja na vita vya ukombozi vya Afrika. Jina lake linatokana na al-jubb. Unalijua neno hilo, ndilo shimo alimotupwa Nabii Yusuf na ndugu zake. Waliolipa gereza jina hilo walijua wanachosema.

Kuanzia Sé hadi Baixa mteremko ni mfupi. Mama akichoka, gari. Msione haya kuagiza gari la dakika tano. Ni nafuu kuliko dawa ya magoti.

Jumapili ndiyo siku yenu, na kwa ajili yake nimeyakata mengine. Asubuhi wenye ibada huwa na misa katika kanisa la Jerónimos, Belém, kwa hiyo msikimbilie huko. Anzeni na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Ndani kuna kitu kimoja ambacho wageni wengi hupita wakidhani ni pambo la kanisa kama mapambo mengine. Kinaitwa Custódia de Belém: chombo cha ibada cha Kikatoliki, cha dhahabu na enameli, kirefu kupita nusu mita, kilichofuliwa na Gil Vicente kwa amri ya mfalme Manuel na kukamilika 1506. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti katikati yake, kila mmoja na sura yake. Inama usome maandishi ya kwenye kitako. Utaona neno QILVA, maana V yao ya zamani ndiyo U. Ni Kilwa, Mwalimu. Maandishi yanasema wazi kwamba dhahabu hiyo ni ya kodi ya Kilwa.

Vasco da Gama aliporudi kwa safari ya pili, 1502, alielekeza mizinga kwenye mji wa Kilwa akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kukubali kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo ilikuwa imetoka bara ya Zimbabwe kupitia Sofala, ikiwa imeshapita mikono ya wafanyabiashara wetu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi la merikebu, akaiteka Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Unafundisha habari hizi kila mwaka kwa chaki. Pale imesimama ndani ya kioo. Mimi sijui chombo kingine Ulaya nzima ambacho kimeandikwa juu yake kwamba kimetengenezwa kwa mali iliyotolewa kwa nguvu pwani yetu, na kimeandikwa na mwenye kuichukua, tena kwa kujisifu.

Makumbusho hayo yana bustani inayotazama mto na mkahawa. Mama apumzike hapo. Halafu gari hadi Belém, mle chakula cha mchana, na alasiri muingie Jerónimos.

Belém ni tambarare yote, faraja ya magoti, ila haina kivuli. Kofia na maji. Kanisa la Jerónimos lilianza kujengwa 1501 kwa fedha zilizotokana na kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Kuingia kanisani ni bure. Kiingilio ni cha ua wa ndani wenye nguzo zilizochongwa kama kamba za merikebu, nao unastahili pesa yake, lakini nunueni tiketi mtandaoni kabla, la sivyo mtasimama juani saa nzima. Ukiingia tu mlangoni mwa kanisa, kushoto ni kaburi la Vasco da Gama, kulia la mshairi Camões, aliyeitaja Mombasa kwa ubaya na Malindi kwa sifa katika utenzi wake wa Os Lusíadas. Da Gama alifia Cochin, Uhindini, Desemba 1524, na mabaki yake yalihamishiwa hapa 1880. Niliwahi kumleta mzee mmoja wa Lamu. Alilitazama lile jiwe, mikono nyuma, akasema taratibu, "Kumbe umelala huku." Kisha akauliza choo kiko wapi.

Ukitoka, vuka kwa njia ya chini ya barabara ufike mtoni, kwenye mnara wa Padrão dos Descobrimentos. Ulijengwa 1960, wakati wa Salazar, kuwatukuza mabaharia wao. Mnara wenyewe sina hamu nao. Mbele yake, chini, kuna ramani kubwa ya dunia iliyotandikwa kwa mawe ya rangi ndani ya duara la dira, zawadi ya Afrika Kusini ya wakati ule. Itafute pwani yetu uisimamie kwa miguu. Da Gama aliondoka ufuoni hapa tarehe 8 Julai 1497, akafika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, na wiki moja baadaye Malindi, ambako mfalme alimpa rubani wa kumvusha hadi Calicut. (Wanafunzi wako wakisema rubani alikuwa Ahmad ibn Majid, waambie wanahistoria wengi siku hizi hawalikubali.) Mtakuwa pale mwezi uleule wa Aprili.

Mnara wa Belém wenyewe, Torre de Belém, utazameni kwa nje tu. Ngazi zake ni nyembamba na za mzunguko, na kazi ya ukarabati ilianza 2025. Kwa jumla majengo mengi ya Lisbon yamo katika matengenezo, kwa hiyo wiki moja kabla ya kuondoka Rotterdam fungua tovuti ya kila mahali pa kulipia uhakikishe pako wazi.

Pale Belém ndipo penye duka la vile vitamu vya maziwa na mayai, Pastéis de Belém, tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ndani kuna kumbi kubwa zenye meza. Mapishi yake ni siri ya nyumba, hivyo ulizeni mafuta yaliyotumika kabla ya kula, pale na kwenye duka jingine lolote la keki, kwa sababu neno litakalowasumbua Lisbon si *porco*, nguruwe, ambalo mtalitambua haraka. Ni *banha*, mafuta ya nguruwe, yanayoingia kwenye maandazi na keki kimyakimya. Mengine ya kukariri ni *toucinho*, *chouriço*, *presunto* na *fiambre*, yote ya nguruwe. Supu ya kijani, caldo verde, inaonekana ni ya mboga tupu, lakini huwekewa vipande vya chouriço.

Jibu la tumbo ni samaki. Semeni *peixe grelhado*, samaki wa kuchoma, na mtakula kama watu wa pwani: dourada, robalo, pweza. Mama atawafahamu. Nyama ya halali iko kwa Wabangladeshi wa mtaa wa Benformoso, karibu na metro ya Martim Moniz. Wale kuku wa kuchoma wa piri-piri wanaouzwa kila kona, jina la pilipili yao ni ndugu wa pilipili yetu, lakini kuku wenyewe si halali mpaka uonyeshwe. Chakula cha siku cha mchana, *prato do dia*, kwa kawaida hakizidi sana yuro 12. Jioni kwenye mitaa ya watalii hesabuni mara mbili yake. Na mkikaa, mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini ambavyo hamkuagiza. Si ukarimu. Mkivigusa mtavilipia, mkivirudisha hakuna atakayenuna.

Lakini mwache mama asome mabango, atafurahi. *Mesa* ni meza, *bandeira* ni bendera, *lenço* ni leso, *ananás* ni nanasi. Mlango wa kanisa utaandikwa *igreja*, na humo ndimo, wasemavyo wataalamu wa lugha, lilimotoka neno gereza.

Jumatatu iwe nyepesi. Shukeni metro ya Baixa-Chiado, na msitoke kwa mlango wa chini. Fuateni alama ya Chiado: mtapandishwa na ngazi za umeme, moja baada ya nyingine, mpaka mtokee juu ya mlima bila kupiga hatua. Wenyeji wenyewe huitumia kwa ajili hiyo. Hapo karibu kuna duka la vitabu la Bertrand, la mwaka 1732, halafu mwendo wa dakika chache Largo do Carmo. Kanisa la Carmo lilianguka paa katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa ibadani. Likafuata wimbi la bahari, kisha moto. Matao yamesimama hadi leo mbingu zikiwa ndiyo dari. Makumbusho yake hufungwa Jumapili na kufunguliwa Jumatatu, ndiyo maana nimeyaweka hapa.

Kwenye uwanja huo huo, tarehe 25 Aprili 1974, waziri mkuu Marcelo Caetano alijisalimisha kwa wanajeshi walioasi, na udikteta ukaisha huku watu wakichomeka mikarafuu myekundu kwenye mitutu ya bunduki. (Mikarafuu hii ni maua, isije ikakuchanganya na ya Pemba.) Miezi 14 baadaye Msumbiji ilikuwa huru. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam 1962, na wale askari wa Lisbon walikuwa wamechoshwa na vita ambavyo FRELIMO na wenzao wa Angola na Guinea-Bissau hawakukubali viishe kwa njia nyingine. Ukikaa kwenye benchi pale chini ya miti, ni kisa cha kumsimulia mkeo kwa nusu saa. Mkiangukia tarehe hiyo hiyo ya 25, ni sikukuu: maandamano, maua, na mengi yamefungwa.

Rudini chini kwa zile zile ngazi za umeme. Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya 1902, piga picha kwa chini tu. Na yale magari ya kamba ya mlimani msiyawekee matumaini: la Glória lilipata ajali Septemba 2025, watu 16 wakafariki. Uwanja wa Rossio na kanisa la São Domingos viko tambarare. Kanisa hilo liliungua 1959 na nguzo zake zimeachwa na makovu ya moto. Nje yake, jioni, Waafrika wa Guinea-Bissau na kwingineko hukutana, kina mama wakiuza karanga na viungo. Mtasalimiwa.

Kisha nendeni Cais do Sodré mpande feri ya kuvuka kwenda Cacilhas. Ni dakika kumi, chini ya yuro 2, na hapa watembea kwa miguu wanalipa, si kama Likoni. Hakuna merikebu ya watalii itakayowaonyesha mji vizuri zaidi: nyuma yenu Lisbon yote juu ya milima yake, kulia daraja jekundu la 1966 ambalo zamani liliitwa Salazar na sasa linaitwa 25 de Abril. Kuleni samaki ng'ambo, mrudi jua likizama.

Sintra imekatwa. Kutoka Rossio ni dakika 40 za treni, kisha mabasi, foleni, na kasri la Pena juu ya kilele kingine. Ni siku nzima, na magoti hayatasahau. Tramu 28 nayo imekatwa, angalau mchana. Kila kitabu kinaisifu, ndiyo maana watu husimama foleni saa nzima Martim Moniz ili wapande wakiwa wamesimama, na wezi wa mifukoni wanapanda nao wakiwa wamevaa vizuri kuliko nyinyi. Mkitaka kuonja mabehewa ya mbao, amkeni kabla ya saa mbili asubuhi mojawapo ya siku hizo mpande mkiwa mmekaa. Kwenye tramu 15 ya Belém pia mifuko iwe mbele. Na ukifuatwa Baixa na mtu anayenong'ona anauza bangi, pita tu. Mara nyingi hata bangi si bangi.

Nauli: nunueni kadi ya Navegante kwenye mashine ya metro, moja kwa kila mtu, kadi yenyewe ni senti 50. Tiketi ya saa 24 ya metro, mabasi na tramu ni kama yuro 7. Feri haimo katika ile ya kawaida, kwa hiyo Jumatatu wekeni pesa tu kwenye kadi. Mashine ya benki ikikuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro. Ile hesabu ya shilingi imeshaongezwa chumvi. Mama awe na sweta na koti jepesi la mvua, kwa kuwa asubuhi za Aprili nyuzi zinaweza kuwa 12, na viatu vya soli ya mpira visivyo vipya. Kandambili zibaki hotelini.

Jumanne, kumbukeni kwamba Lisbon ndipo mtakapotokea Schengen. Mfumo mpya wa mipakani ulioanza Oktoba 2025 utakuwa umeshachukua alama za vidole na picha zenu Amsterdam, na hapa mtahakikiwa tena wakati wa kutoka, katika foleni ya wasio raia wa Ulaya, ambayo ndiyo ndefu. Muwe uwanjani saa tatu kabla. Metro huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndege yenu ikiwa ya mapema, agizeni gari usiku wa Jumatatu kabla ya kulala.